Maji yanatoka mtamboni masafi, mbona kwangu yanafika machafu?

Swali limetoka kwa mama mmoja, nalinukuu kwa ufupi: "Habari injinia. Kwetu maji yanatoka mara mbili kwa wiki, tena usiku. Yakianza yana rangi ya kutu, baada ya kama nusu saa yanakuwa meupe. Mamlaka wanasema maji yametibiwa na wanayapima kila siku na majibu ni mazuri. Ila wanangu wawili kuharisha hakuishi. Jirani kafunga mota inayovuta moja kwa moja kwenye bomba, yeye tanki linajaa mimi napata matone. Je hawa watu wanatudanganya? Nichemshe, niweke dawa au ninunue filta? Na kwa nini wasiongeze tu dawa huko mtamboni mambo yaishe?"

Dada, nianze na hilo la kudanganywa manake ndo limebeba mengine yote. Inawezekana kabisa hawadanganyi. Maji yanaweza kutoka mtamboni masafi kweli, majibu ya maabara yakawa ya kweli, na bado watoto wako wakaharisha kwa maji hayohayo. Nimefanya kazi ya maji miaka mingi na kitu ambacho watu wengi hawaambiwi ni hiki, kwenye mji wenye mgao uchafu mara nyingi haupiti mtamboni, unaingilia njiani. Na unaingia pale ambapo maji hayatoki, sio pale yanapotoka.

Ngoja nieleze hivi. Bomba lililojaa maji lina presha, yani linasukuma kwenda nje pande zote muda wote. Likiwa na tundu, maji yanavuja kwenda nje, hasara ni ya mamlaka lakini wewe uko salama, hamna tope linaloweza kuogelea kinyume na presha hiyo. Sasa funga valvu kule juu. Nyumba za bondeni zinaendelea kufungulia, maji yanashuka, bomba linabaki tupu au nusu tupu, na maji yakishuka huku nyuma hayana pa kuvuta hewa basi yanavuta kwenye tundu. Tundu lilelile lililokuwa linatema sasa linameza. Na linameza nini? Chochote kilicholizunguka.

Kuna siku tulichimba sehemu ambayo watu wa mtaa mzima walikuwa wanalalamika kama wewe. Tukakuta bomba la plastiki limepita ndani ya mtaro wa maji machafu, sio pembeni ya mtaro, ndani kabisa, na kwenye jointi fundi fulani alikuwa amefunga utepe wa tyubu ya baiskeli akakaza na waya. Maji yalikuwa yanatoka wakati ule kwahiyo jointi ilikuwa inarusha kamchirizi kembamba na pembeni kumejaa kidimbwi. Tukamwambia mwenzetu afunge valvu. Kamchirizi kakalegea, kakafa. Tukasubiri. Baada ya dakika kadhaa kidimbwi kikaanza kupungua, taratibu, na pale kwenye tyubu unaona kabisa maji yanazunguka kidogo kama yanavyozunguka kwenye tundu la sinki, afu yakaisha yote. Yameenda wapi? Ndani ya bomba. Siku ya mgao yalikuwa ndo ya kwanza kufika kwenye ndoo za watu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza maji ya mtaa fulani ni salama simuulizi wametibu na nini, namuuliza yanatoka masaa mangapi.

Na hapo ndo rangi yako ya kutu inapoingia. Mabomba yote yana utando ndani, kutu kama ni ya chuma, tope lililotuama, na ute wa bakteria wanaoishi ukutani. Maji yakitembea kwa mwendo uleule siku zote huo utando unakaa kimya. Ukifunga na kufungua, maji yanaingia kwa kishindo yakisukuma hewa mbele, yanakwangua kila kitu. Kwahiyo hiyo nusu saa ya kwanza ni mchanganyiko wa kutu, tope na kilichomezwa njiani, na rangi ya kutu yenyewe ndo ina madhara madogo kuliko vyote humo ndani. Usikinge ya kunywa hapo. Kinga ya kudekia na ya chooni, subiri mpaka yawe meupe afu uvumilie dakika kumi zingine ndo uanze kujaza ya kunywa. Najua kama presha ni ndogo na maji yanakatika saa tisa usiku hiyo dakika kumi inauma, lakini ndo dakika zenye faida kuliko filta yoyote utakayonunua.

Mota ya jirani. Hili watu wanalichukulia kama ugomvi wa majirani, kumbe ni suala la afya. Mota ikifungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa inafanya kile mgao unachofanya, ila kwa nguvu zaidi na wakati ambao maji yapo. Inavuta kuliko bomba linavyoweza kuleta, presha inashuka chini ya ile ya nje, na kila jointi mbovu iliyo karibu inaanza kumeza. Kwahiyo jirani anavuta maji yako pamoja na maji ya mtaro, anajaza tanki lake, yeye mwenyewe ndo wa kwanza kuyanywa. Mwambie hivyo, pengine itasaidia kuliko kumwambia anakunyima. Njia sahihi anayo hapohapo, aweke tanki chini ya ardhi au usawa wa ardhi, maji yaingie yenyewe kwa boya, afu mota ivute kutoka kwenye tanki kupeleka juu. Na bomba la kuingiza liishie juu ya usawa wa maji, lisizame, manake likizama na presha ikikatika maji ya tanki yanarudi bombani. Hata wewe ukikinga kwa mpira usiuache umelala ndani ya ndoo, ni mchezo uleule.

Sasa twende kwenye "waongeze dawa". Dawa yenyewe ni klorini, tunaiweka kwa kazi mbili. Ya kwanza inafanyika mtamboni, kuua. Ya pili ni ile inayobaki kwenye maji na kusafiri nayo mpaka kwako, ikilinda njiani. Shirika la Afya Duniani linasema mlangoni kwa mtumiaji ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita moja, na mtamboni, ikishakaa kwenye maji dakika 30, iwe angalau 0.5. Hizo ni kiasi kidogo sana. Inatosha kumaliza vijidudu vichache vinavyopenya, haitoshi kupigana na kidimbwi kizima cha mtaro, klorini inakutana na uchafu inatumika yote kwa dakika chache inaisha. Ukisema uongeze mpaka ishinde mtaro, nyumba za karibu na mtambo watapata maji yanayonuka mpaka hayanyweki, na watu wakishindwa kunywa ya bomba wanarudi visimani kwenye maji ambayo hayana dawa kabisa. Pia klorini nyingi ikikutana na mabaki ya majani na udongo mweusi inatengeneza kemikali nyingine ambazo mtu hatakiwi kuzinywa miaka na miaka. Kwahiyo hapana, dawa haizibi tundu.

Ila kuna kitu klorini inafanya ambacho mimi nakithamini kuliko kuua, nacho ni kushitaki. Kuna kipimo kidogo cha mkononi, kijichupa na kidonge, unasaga kidonge ndani ya maji, kama klorini ipo yanageuka pinki, ikiwa nyingi pinki inakoza. Tukitembea nacho kutoka karibu na tanki kuu kwenda mwisho wa laini, nyumba ya kwanza pinki kali, ya kumi pinki ya kufifia, afu unafika nyumba moja unasaga kidonge unasubiri, maji meupe. Hapo huhitaji maabara. Kati ya nyumba ile yenye pinki na hii isiyo na kitu, kuna kitu kimekula klorini, nenda ukachimbe. Ndo maana mtu akinilalamikia harufu kidogo ya dawa kwenye bomba lake mimi nafurahi kimoyomoyo, manake imefika. Kutokuwa na harufu kabisa kwenye mji wa mgao ndo kunanitia wasiwasi.

Sasa usinielewe kwamba mtambo hauna maana. Mwaka 1892 mji wa Hamburg kule Ujerumani ulipigwa na kipindupindu, walikuwa wanachota maji ya mto Elbe wanayatuamisha tu bila kuyachuja. Altona waliokuwa wamepakana nao walikuwa wanachota mto huohuo, tena chini zaidi, baada ya maji taka ya Hamburg kumwagwa, ila wao walikuwa wanapitisha kwenye machujio ya mchanga. Hamburg walikufa zaidi ya watu 8,000, Altona wachache mno ukilinganisha, na kwenye mpaka wa miji hiyo upande mmoja wa mtaa watu wanaugua upande wa pili wako wazima. Mchanga tu ule. Na usidhani klorini inaweza kufanya kazi ya mchujo, Milwaukee kule Marekani mwaka 1993 waliugua watu kama 400,000 kwa kijidudu kinachoitwa kriptosporidiamu, chenye ganda ambalo klorini ya kawaida hailigusi. Klorini ilikuwepo, mchujo ndo ulilegea. Kwahiyo shabu ya kugandisha tope, kutuama, mchanga, klorini, kila moja ina kazi yake ambayo mwenzake hawezi kuifanya.

Na upande wa pili kuna Flint, hao hao Marekani, mwaka 2014. Walibadilisha chanzo wakaanza kutumia maji ya mto wao, yenye kula chuma zaidi, bila kuweka ile dawa inayolinda mabomba yasiliwe. Maji yakaanza kumenya ndani ya mabomba ya zamani na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye vikombe vya watoto. Risasi hiyo haikutoka mtoni, ilitoka kwenye mabomba yenyewe. Kwahiyo hata nchi yenye hela, njia inaweza kuharibu kilichotoka safi.

Utauliza kwa nini basi wasiache tu maji yatoke muda wote. Wengi huko mamlaka watakujibu maji hayatoshi. Wakati mwingine ni kweli, chanzo kimekauka au umeme wa pampu haupo. Lakini sehemu nyingi nilizofanya kazi hayatoshi kwa sababu yanavuja, na yanavuja kwa sababu ya mgao, na mgao unaongezwa kwa sababu hayatoshi. Kufunga na kufungua kunapiga mabomba kama nyundo, jointi zinalegea. Watu nao hawafungi koki, wanaziacha wazi ili yakitoka usiku wasikie, tanki likijaa linamwagika mpaka asubuhi. Wakati mwingine mgao mpya ukija watu wanamwaga maji ya zamani wanajaza mapya. Na mbaya kuliko yote, mgao unaficha uvujaji, bomba likiwa kavu siku tano huwezi kujua linavuja wapi.

Mji wa kutolea mfano hapa ni Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993 mji umetoka kwenye vita, maji yanatoka kama masaa 10 kwa siku, na asilimia 72 ya maji waliyozalisha yalikuwa yanapotea, mengine yanavuja mengine yanaibiwa, wezi wengine wakiwa wafanyakazi wa mamlaka yenyewe. Akapewa kuongoza mamlaka ya maji injinia anaitwa Ek Sonn Chan. Hakukimbilia kujenga mtambo mkubwa kwanza. Alianza na kujua nani ni mteja na nani sio, akafunga mita kila nyumba, akabadilisha mabomba, akalipa vizuri wafanyakazi waaminifu, na wakubwa nao wakalipa bili, mwenyewe amewahi kusimulia kwamba alielekezewa bunduki kichwani alipomfuata mkubwa mmoja wa jeshi kwa ajili ya maji. Miaka iliyofuata maji yakawa yanatoka masaa 24 na upotevu ukashuka chini ya asilimia 10. Nikikutana na wanasiasa wanaotaka kuzindua mtambo mpya kwa utepe na mkasi huwa nawakumbusha huyu jamaa, hawapendi, manake mita na jointi hazina utepe wa kukata.

Kazi yenyewe inavyofanyika ni ya uvumilivu tu. Unagawa mtandao vipande vipande, kila kipande na valvu zake na mita moja ya mlangoni. Afu unaisoma ile mita saa nane mpaka saa kumi usiku, watu wamelala. Maji yanayopita saa hizo mengi hayanywi mtu, yanavuja. Kipande chenye namba kubwa ndo cha kuanza nacho. Fundi anatembea usiku huo na fimbo ya chuma, ncha moja anaigusisha kwenye valvu au kwenye koki, nyingine sikioni, uvujaji unasikika kama mtu anapumua kwa meno. Nimewahi kufanya kazi na mzee mmoja alikuwa anasikiliza hivo afu anapiga kisigino chini anasema chimba hapa, na mara nyingi alikuwa sahihi kuliko mashine yetu. Ukiziba kipande kimoja, kile kipande unakiacha na maji saa zote, hata kama mji mwingine bado uko kwenye mgao, afu unahamia cha pili. Watu wanaogopa wakidhani wakipata saa zote watamaliza maji yote, mara nyingi wanaacha kulimbikiza na matumizi hayapandi hivo.

Haya, kwako sasa hivi, manake hayo ya mji yatachukua miaka na wanao wanakunywa leo.

Nakushauri dawa kwanza, kuchemsha pili, filta mwishoni. Kuchemsha kunaua kila kitu, yachemke mapovu makubwa dakika 1, kama unaishi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 fanya dakika 3, lakini moto unagharimu na maji ya kuchemsha hayana ulinzi wowote yakishapoa, mtoto akizamisha kikombe na mkono umerudi ulikotoka. Dawa inabaki inalinda. Tumia vidonge vya kutibu maji ufuate maelekezo ya paketi, au kama huna, ile klorini ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe isiyo na manukato wala rangi, yenye nguvu ya asilimia 5 mpaka 6, matone 2 kwa lita, koroga subiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa kisafi afu uweke matone 4. Na usome kibandiko, nguvu zinatofautiana. Filta ya udongo au ya mshumaa ni nzuri kwa tope na bakteria, ila virusi vingi vinapita, kwahiyo ukinunua hiyo bado dawa utaweka. Ya chupa ni sawa kwa wiki ya dharura, sio mpango.

Weka maji ya kunywa kwenye chombo chenye koki chini, au chenye mdomo mwembamba wa kumimina. Kama nyumba yako inaweza kufanya kitu kimoja tu, fanya hicho. Nimepima maji mara nyingi kwenye nyumba za watu, bombani safi, kwenye ndoo iliyo wazi yenye kata ya kuchotea hayafai, yametembea mita tatu tu. Tanki nalo, mfuniko ubane, lioshwe pale maji yanapokuwa yameisha, sugua kuta kwa maji yenye klorini kali, acha nusu saa suuza, huna haja ya kumwaga tanki zima la maji uliyoyasotea wiki nzima.

Watoto wakiharisha wape maji ya ORS, ile chumvichumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, na wakiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawawezi kunywa, hospitali, usisubiri maelezo ya injinia. Ujue pia kuharisha kunatoka kwenye mikono na vyakula, kwahiyo ukitibu maji na kukaendelea usidhani dawa haifanyi kazi.

Na kwa mamlaka, ukienda usiwaulize tena kama maji ni salama, watakujibu ndiyo na watakuwa hawajakosea. Waulize sampuli wanachukulia wapi, mtamboni au mwisho wa laini, na wanachukua dakika ngapi baada ya maji kufunguliwa. Waombe waje na kile kijichupa wapime klorini koki kwako, mara mbili, dakika ya tano na dakika ya arobaini, usiku uleule wa mgao. Kama hawaji, vipimo vya mabwawa ya kuogelea vinauzwa na vinatosha kwa kuanzia. Ukipata hizo namba mbili niandikie, uniambie na nyumba yako iko mwanzo au mwisho wa laini na kama kuna mtaro unakatiza kabla ya kufika kwako.